Rudisha Kikombe!

Kukopa harusi, kulipa matanga. Wahenga walinena hivyo kabla kompyuta hazijazaliwa, lakini ndugu msomaji, methali hii yafaa kubandikwa mbele ya kila mwandishi wa programu.

Programu ya kutazama matokeo ya mtihani, kwa mfano, haibebi alama zenyewe. Alama hukaa katika hifadhidata. Programu ikitaka kuuliza swali, sharti kwanza ifungue muunganisho: ipige hodi, itaje jina na nywila, ikaguliwe. Mara nyingi hodi hizo huchukua muda mrefu kuliko swali lenyewe!

Tena miunganisho ina kikomo, manake kila mmoja hula kumbukumbu ya seva. PostgreSQL isiporekebishwa hukubali 100 kwa wakati mmoja. MySQL hukubali 151.

Sasa fikiria kibanda cha chai chenye vikombe 10. Mwenyewe hanunui kikombe kipya kila mteja akiingia. Mmoja akimaliza, kikombe kinaoshwa, anapewa mwingine. Programu nazo hufanya vivyo hivyo: miunganisho michache huwekwa tayari, ikaazimwa kwa zamu. HikariCP, inayotumiwa sana katika lugha ya Java, huweka isiyozidi 10 isipoambiwa vingine. Hiyo 10 yaweza kuhudumia mamia ya watu, kwani maswali mengi huisha kwa sehemu ndogo tu ya sekunde.

Je, wateja 10 wakienda na vikombe nyumbani? Chai ipo, sukari ipo, lakini wa 11 hanywi! HikariCP humngojesha sekunde 30, kisha humrudisha mikono mitupu.

Vikombe hupoteaje? Programu huazima muunganisho, hupata hitilafu katikati, ikaruka mstari wa kurudisha. Dawa ni kuuandika mstari huo ndani ya sehemu iitwayo finally, ambayo hutekelezwa hata mambo yakiharibika. Tangu Java 7, mwaka 2011, lugha yenyewe yaweza kukurudishia. Kuongeza vikombe pekee si dawa. Asiyerudisha atamaliza hata 1000.

Mwanafunzi anayesubiri matokeo yake hayajui haya. Skrini ikikwama yeye hulaumu mtandao, kumbe pengine kuna mtu aliyesahau mstari mmoja. Basi nyinyi mtakaoandika programu kesho, mkiazima, rudisheni. Kuna mwenzenu kwenye foleni.