Tembe Inayomkalia Mwenzake Kiti

Msomaji wa Nyamasaria anameza tembe za kupanga uzazi aina ya Microgynon, na ikifika jioni pete haimtoki kidoleni. Rafiki yake anamsukuma ahamie Yasmin, ambayo bei yake iko juu. Anauliza: hiyo pesa ya ziada analipia nini? Analipia chumvi, dada.

Namna tembe zinavyozuia yai kupevuka mmeshaelezwa kliniki, tuvuke. Zote mbili zina maikrogramu 30 za estrojeni ileile. Kilichotofautiana ni homoni mwenziwe: Microgynon ina maikrogramu 150 za levonogestreli, Yasmin ina miligramu 3 za drospirenoni.

Estrojeni hiyo hulifanya ini litoe protini ambayo, baada ya hatua kadhaa, huamsha homoni ya aldosteroni. Aldosteroni nayo huiamuru figo irudishe chumvi mwilini. Palipo chumvi, maji hufuata; pete inabana.

Ili amri isikike, aldosteroni lazima ishike mahali pake ndani ya seli ya figo. Wataalamu hupaita "kipokezi". Neno hilo silipendi: sahani nayo hupokea, tena chochote. Mimi napaita kiti, na watu wa steji watanielewa. Mmewaona vijana wanaojazia matatu ili gari lionekane limejaa? Wamekaa, mwingine hata anasinzia, ila hawaendi popote. Abiria wa kweli akija anakuta kiti kina mtu. Drospirenoni ndiye kijana huyo, tena mkaidi: wa steji humpisha abiria, huyu hana haraka. Aldosteroni inabaki imesimama nje, gari haliondoki, na chumvi inajiendea na mkojo. Ukoo wa drospirenoni ni wa spironolaktoni, dawa ya presha na moyo. Hata projesteroni ya mwili hukalia kiti hichohicho. Levonogestreli, yenye nasaba ya testosteroni, hupita bila kukitazama.

Ila kabla ya kuhama, pima na hatari: damu kuganda mishipani huwapata wanawake 9 hadi 12 kati ya 10,000 kwa mwaka wakiwa kwenye drospirenoni, na 5 hadi 7 kwenye levonogestreli. Mwenye maradhi ya figo au presha, au anayetumia dawa za kifua kikuu, aseme mapema.

Pesa ya ziada, basi, inanunua maji yanayotoka, hainunui kinga zaidi. Kwa kuzuia mimba tembe hizi zinalingana, mradi umeze kila siku. Kabla ya kuhama, kapimwe presha.