Ukifa, Utawaachia Watafiti Nini?
Jumamosi tulikuwa Raskazone tukipunga upepo. Mume wangu, mwenye kisukari, akaniuliza: “Mama Salim, nikifa, utakubali wachukue kipande cha figo yangu wakakitafiti?” Nikapaliwa na muhogo!

Sisi watu wa Tanga tunazika haraka. Lakini huko Kisumu na Siaya, Kenya, watafiti wa mradi wa CHAMPS wamekuwa wakiomba ridhaa ya wazazi waliofiwa na mtoto wa chini ya miaka 5, kisha huchukua sampuli ndogo za tishu kwa sindano, bila kupasua.

Benki ya magonjwa sugu nayo ingetaka ridhaa mapema, maana tishu hazisubiri matanga yaishe. Wapendanao, ongeeni mkiwa hai! Mimi nimekubali, ila kwanza tukakae na mama mkwe.