Toboa Ukuta, Moshi Utoke

Mama mmoja alimleta mtoto wake zahanati kwa mara ya tatu. Mtoto alikuwa anakohoa na kupumua haraka haraka. Alikuwa na kichomi. Tulimtibu, akapata nafuu. Lakini mimi sikuridhika. Nilimwomba mama anionyeshe mahali anapopikia.

Jiko lake lilikuwa jipya, la ukuta wa udongo na paa la bati. Ukuta ulifika juu kabisa. Hapakuwa na tundu hata moja. Ndizi zilikuwa motoni na mtoto yuko mgongoni mwa mama. Nilikaa dakika chache tu, machozi yakanitoka.

Zamani wazee wetu wa Bukoba na Muleba walijenga nyumba za msonge. Moshi ulipenya polepole kwenye nyasi. Bati halipitishi moshi. Ukiziba nafasi kati ya ukuta na bati, moshi unabaki ndani. Moshi huo huumiza mapafu, na mtoto mdogo hushikwa na kichomi kwa urahisi. Sisemi tung'oe mabati. Nasema tutoboe ukuta.

Kwanza chagua upande. Huku kwetu mvua ni nyingi, na kando ya ziwa mara nyingi huja na upepo wa ziwani. Mama yule alitoboa upande wa ziwa, maji yakamwagika mpaka kwenye mafiga. Ikabidi azibe, atoboe upande mwingine.

Pima chini kidogo ya paa, kwa sababu moshi hupanda juu. Tundu liwe na urefu kama rula ya shule, yaani sentimita 30, na kimo cha sentimita 20. Kama ukuta ni wa fito, kata fito tu. Usiguse nguzo! Kama ni wa matofali, weka kwanza ubao imara juu ya mahali pa tundu, ndipo utoe matofali ya chini yake. Ukingo wa chini uinamie nje ili maji yatoke. Juu yake, kwa nje, pigilia kipande cha bati kama kofia.

Tundu moja halitoshi. Moshi hautoki kama hewa mpya haiingii. Toboa jingine chini, ukuta wa pili, au acha mlango wazi unapopika. Kisha washa nyasi kidogo kwenye mafiga, utazame moshi unakwenda wapi.

Weka wavu wa waya kuzuia mbu, popo na panya. Masizi huuziba upesi, kwa hiyo upige brashi kila wiki. Tumia pia kuni kavu, na mtoto akae nje na dada yake wakati wa kupika.

Jambo moja nalisema kwa nguvu. Wengine, usiku wa baridi, huingiza jiko la mkaa chumbani na kulala. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Watu hulala wasiamke. Tundu la ukutani halikulindi na hewa hiyo. Jiko la mkaa lilale nje.

Na mtoto akipumua haraka, au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, hata kama jiko lako lina matundu.