Nyimbo za Vijijini Katika Muziki Mkubwa

Wasomaji wetu wa Ndalambo na vijiji vya jirani wazijua vema nyimbo za mavuno, za arusi na za kubembeleza watoto. Pengine wako wadhanio kuwa muziki mkubwa wa Ulaya, uandikwao kwa alama na kupigwa na mafundi wengi pamoja, hauna udugu wowote na nyimbo kama hizo. Sivyo. Mara nyingi muziki huo umechota maji yake katika visima vya vijijini.

Katika nchi ya Hungaria alikuwako fundi mmoja, Béla Bartók, aliyezaliwa mwaka 1881. Yeye na mwenziwe, Zoltán Kodály, walizunguka vijijini na chombo cha kunasa sauti katika nta, wakiwasikiliza wakulima. Mwaka 1906 walitoa kitabu cha nyimbo 20. Baadaye Bartók alieleza kuwa njia za kuutumia wimbo wa kijijini ni tatu. Ya kwanza, kuuchukua wenyewe na kuuwekea sauti za kuusindikiza. Ya pili, kutunga mwingine ufananao nao. Ya tatu, iliyo kuu, ni fundi kuzizoea nyimbo hizo kama lugha ya mama yake, hata kila atungacho kiwe na roho yake, ijapokuwa hakuiga wimbo wowote.

Mambo ya namna hii yametendeka katika nchi zetu pia. Huko Mbozi, jirani zetu, Traugott Bachmann, mmisionari wa Kimoravia aliyefika mwaka 1899, aliwatia moyo Wanyiha wamwimbie Mungu kwa sauti za nyimbo zao wenyewe. Katika Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitunga kazi kubwa ya waimbaji juu ya Mashahidi wa Uganda, ikaimbwa Roma mwaka 1964, walipotangazwa kuwa watakatifu. Yafaa kujua kwamba katika Kiganda sauti ikipanda au kushuka mahali pasipo pake, neno laweza kugeuka maana. Kwa hiyo mtungaji hufuata mwendo wa maneno. Mganda mwingine, Justinian Tamusuza, aliwatungia wapigaji wanne wa fidla na ndugu zake muziki uletao masikioni ngoma na marimba za Buganda. Kundi la Kronos Quartet la Marekani liliutia katika sahani mwaka 1992, nao ukasikiwa duniani kote.

Basi twaona ya kuwa mafundi hao wasingaliweza kitu kama wazee wa vijijini wangalikuwa wamekwisha kwenda zao na nyimbo zao. Hatari hiyo iko kwetu pia. Bibi mmoja akifa, huenda nyimbo ambazo hapana mwingine azijuaye zikazikwa pamoja naye.

Kwa hiyo twawasihi walimu na wakubwa wa vijiji: waendeeni wazee, na kwa idhini yao naseni sauti zao, hata kwa simu ya mkononi. Kisha andikeni maneno ya wimbo, jina la mwimbaji, na kazi au sherehe uliyoimbiwa. Huenda mtoto aketiye leo darasani Ndalambo akawa mtungaji kesho. Akute nini ghalani? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.