Binti Yako Muuguzi Anapokwenda Mjini Kutafuta Kazi

Tuseme wewe ni mama. Binti yako amesoma uuguzi miaka mitatu. Uliuza ng'ombe, ukauza na magunia ya alizeti, ada ikalipwa. Sasa amemaliza chuo. Anataka kwenda Dodoma kutafuta kazi, na hajawahi kuishi huko. Majirani wanakuambia, "Muuguzi hakosi kazi." Je, ni kweli?

Zamani ilikuwa kweli. Katika miaka ya 1970, aliyemaliza chuo cha uuguzi alipangiwa kituo na serikali. Barua ilikuja, akafunga sanduku, akaenda. Siku hizi vyuo ni vingi na wanaomaliza ni wengi. Nafasi za serikali hutangazwa, na kila anayetaka huomba. Wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Binti yako anaweza kukaa mjini miezi mingi bila kazi, na wala si kwa sababu ya uvivu. Jiandaeni kwa jambo hili kabla hajapanda basi.

KARATASI KWANZA

Kaeni chini pamoja, mzitandaze karatasi zake zote juu ya mkeka. Hapana budi awe na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na cheti cha chuo. Awe pia na kitambulisho cha taifa, au namba yake. Karatasi ya matokeo peke yake haitoshi. Matangazo ya kazi za serikali husema wazi kwamba karatasi ya matokeo haikubaliwi, wanataka cheti chenyewe.

Sasa wewe mama uliyejifunza kusoma, shika cheti kimoja kimoja na usome jina. Je, majina yote yanafanana? Pengine cheti kimoja kinasema Asha na kingine kinasema Aisha. Herufi moja tu inaweza kumrudisha mtu kutoka mlango wa usaili. Kama majina hayafanani, aende kwa wakili au mahakamani akale kiapo cha majina, apewe hati. Afanye hivyo akiwa bado nyumbani.

Kuna karatasi nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Ni leseni, yaani ruhusa ya kufanya kazi ya uuguzi. Kumaliza chuo si kuwa na leseni. Leseni hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na mhitimu hufanya kwanza mtihani wa Baraza hilo. Asiye na leseni haruhusiwi kumhudumia mgonjwa kama muuguzi, hata kama anajua kazi. Tena leseni ina mwisho wake. Mwulize binti yako, "Leseni yako inakwisha lini?" Asikasirike. Mwajiri naye atamwuliza hivyo hivyo.

UJUMBE WA SIMU

Siku moja simu yako italia. Ujumbe utasema: "Nafasi ya binti yako ipo hospitali. Tuma laki mbili leo, kesho itachukuliwa." Nawe una ng'ombe mmoja amebaki.

Usitume. Kazi ya serikali haiuzwi. Nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hufanywa kwa mtandao. Kuomba ni bure. Hakuna pesa ya fomu, hakuna pesa ya usaili. Mtu akikuharakisha, jua kwamba anaogopa usije ukamwuliza jirani. Basi mwulize jirani.

Lipo na jambo ambalo wazazi huona haya kulitaja. Wapo watu wenye vyeo ambao hawataki pesa, wanataka mwili wa msichana. Hiyo ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaikataza. Binti apige simu TAKUKURU, namba 113, bila kulipia. Mwambie mapema kwamba akirudi nyumbani bila kazi kwa sababu alikataa, utampokea. Neno hilo atalikumbuka siku atakapolihitaji.

KUTEMBEA NA BARUA

Dodoma kuna hospitali kubwa za serikali, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Benjamin Mkapa, na Mirembe inayotibu magonjwa ya akili. Hizi hutumia zaidi njia ya matangazo. Lakini zipo pia hospitali za mashirika ya dini, na zahanati na vituo vya watu binafsi. Mwaka 1977 sheria ilizuia matibabu ya biashara, na mwaka 1991 yakaruhusiwa tena. Huko binti anaweza kupeleka barua kwa mkono wake.

Asiende alfajiri. Saa hizo wauguzi wa usiku wanawakabidhi wagonjwa wenzao wa asubuhi, hakuna mwenye nafasi ya kumsikiliza mgeni. Aende kama saa nne, amwulizie muuguzi mkuu. Atoe nakala za vyeti, vyeti vyenyewe abaki navyo. Mwajiri akitaka kuvifungia kabatini mwake, akatae kwa heshima.

Wengine huanza kwa kujitolea bila mshahara. Si vibaya, mkono usiotumika husahau kazi. Lakini aombe barua inayoonyesha tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mimi naona si haki mtu kujitolea mwaka mzima huku analipa nauli mwenyewe. Aulize angalau nauli.

Akipata kazi, asome mkataba kabla ya kutia sahihi. Kwa sheria ya kazi ya mwaka 2004, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28. Kazi ya kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi huongezewa malipo, si chini ya asilimia 5 kwa kila saa. Wauguzi wapya wengi hawalijui hili, na wapo waajiri wasiowaambia.

Kuhusu mahali pa kulala, ni vema miezi ya kwanza akae kwa ndugu, achangie unga na maji. Wenye nyumba wengi mjini hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mara moja. Mpe pia nauli ya kurudi, aiweke mbali na pesa ya chakula.

AFYA YAKE MWENYEWE

Muuguzi hushika damu ya watu kila siku. Katika damu mnaweza kuwa na homa ya ini aina B. Chanjo yake ipo. Hutolewa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Unaona kwamba inachukua muda. Basi aianze sasa, wakati anangoja kazi.

Na sindano je? Muuguzi mpya huwa na haraka na woga. Ni rahisi ajichome na sindano iliyotoka kwa mgonjwa. Ikitokea, aoshe mahali hapo papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni. Asikamue, asitie dawa kali ya kusafishia. Kisha amwambie msimamizi wake saa ile ile.

Hapa ndipo wapya wengi hukosea. Wananyamaza, wakiogopa kuonekana hawajui kazi. Lakini dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zina muda wake. Hapana budi zianzwe kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, na zikianzwa ndani ya saa chache ni bora zaidi. Humezwa kila siku kwa siku 28. Binti akikupigia simu usiku analia kwamba amejichoma, usimwulize ilikuwaje. Mwulize kama amekwisha kumwambia msimamizi. Kama bado, mwambie akate simu aende.