Jasho Lenyewe Halinuki

Novemba, kabla mvua hazijashuka, mashamba ya mikorosho ya Nachingwea na Ruangwa huwa na joto la kuchosha. Anayeokota korosho tangu alfajiri, dereva wa bodaboda na mwalimu anayefundisha chini ya bati, wote hulowa kwapa. Huo si uchafu, ni mwili unajipoza. Kinachoniumiza ni msichana wa sekondari asiyenyoosha mkono darasani, na jibu analo, kwa kuogopa duara la maji kwenye shati lake.

Kwapani kuna tezi za aina mbili. Moja, iliyotapakaa karibu mwili mzima, hutoa maji na chumvi. Nyingine huanza kazi wakati wa balehe, na majimaji yake mazito huwa chakula cha bakteria wanaoishi kwenye ngozi. Jasho likitoka halina harufu. Bakteria hao ndio wanaotengeneza kikwapa. Kwa hiyo kulowa ni tatizo moja na kunuka ni jingine.

Kwa harufu, osha kwapa kwa sabuni asubuhi na jioni, lifute likauke, punguza nywele. Jezi na fulana za polista hushika harufu kuliko za pamba, basi zifue zikiwa zimegeuzwa na uzianike juani. Ndimu usijipake: maji yake yakibaki kwenye ngozi, kisha jua likapiga, ngozi huungua na kuachwa na mabaka meusi.

Kwa maji, dawa ni ile yenye chumvi za alumini, ambazo huziba vitundu vya jasho kwa muda. Kopo lenye manukato peke yake haliwezi kazi hiyo, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kulipa. Wengi hukata tamaa na dawa hii kwa sababu huipaka asubuhi, wametoka kuoga, ngozi ingali na maji. Kloridi ya alumini, mojawapo ya chumvi hizo, ikikutana na maji hutoa tindikali, na kwapa huwasha. Ipake usiku unapokwenda kulala, kwapa likiwa kavu kabisa, uioshe asubuhi. Fanya hivyo kila usiku hadi jasho lipungue, kisha mara moja au mbili kwa wiki. Siku uliyonyoa, acha. Shabu ya sokoni nayo ina alumini, ila nguvu yake ni ndogo.

Wapo ambao hata hivyo huendelea kulowa. Jasho la namna hiyo mara nyingi huanza kabla ya miaka 25, hutoka makwapa yote mawili, huonekana katika ukoo, na hukoma mtu akilala. Daktari wa ngozi ana vidonge, na ana sindano ya botulinamu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa kazi hii; hupunguza jasho kwa miezi kadhaa, ingawa bei yake ni kubwa.

Jasho linalolowesha shuka usiku ni jambo jingine kabisa. Likiambatana na kikohozi cha wiki mbili, homa au kupungua uzito, nenda kituo cha afya ukapimwe makohozi, huenda ni kifua kikuu. Kipimo na dawa zake hutolewa bure.