Kirukanjia wa Kisiwa cha Krismasi na Kimelea Kilichosafiri kwa Meli

Kirukanjia huuawa majumbani kwa kudhaniwa kuwa panya, ilhali nasaba yake iko karibu zaidi na kalunguyeye. Ni mla wadudu. Yule wa Kisiwa cha Krismasi, kilichoko kusini mwa Java katika Bahari ya Hindi na kinachotawaliwa na Australia, alikuwa na uzito wa gramu 5 hivi, sawa na kijiko cha chai cha maji. Charles Andrews, mtaalamu wa viumbe aliyezuru kisiwa hicho mwaka 1897, alieleza kwamba milio yao ilisikika msituni kila upande usiku. Aliporudi mwaka 1908 hakumpata hata mmoja.

Katikati ya safari hizo mbili, meli iliyoleta shehena ilileta pia panya weusi. Viroboto wao walibeba tripanosoma, kimelea cha damu cha jamii moja na kile cha malale. Panya weusi wamekizoea na kwa kawaida hawadhuriki nacho. Panya wa asili wa kisiwa, ambao miili yao haikuwahi kukutana nacho, walionekana wakitambaa njiani mchana wakiwa hoi. Daktari Herbert Durham, aliyekuwa amefika huko kuchunguza beriberi iliyokuwa ikiwaua vibarua wa machimbo ya fosfeti, ndiye aliyekishuku kimelea hicho. Karne moja baadaye, mwaka 2008, vinasaba kutoka ngozi zilizohifadhiwa makumbusho vilimuunga mkono: kimelea kilikutwa katika panya waliokusanywa baada ya meli kufika, wala si katika wa kabla yake.

Ushahidi huo ni wa panya. Kwa kirukanjia, aliyetoweka katika kipindi kilekile, wataalamu wanaukisia tu, na inafaa daktari yeyote atofautishe mambo hayo mawili.

Hata hivyo hakuwa amekwisha. Wawili walionekana mwaka 1958 msitu ulipokuwa ukifyekwa. Desemba 1984 alikamatwa jike, akafugwa kwa kulishwa panzi; Machi 1985 akapatikana dume, lakini alikuwa mgonjwa, akafa baada ya majuma machache. Jike aliishi takribani mwaka mmoja. Tangu hapo hakuna aliyeonekana tena, na mwezi Oktoba 2025 spishi hiyo ilitangazwa rasmi kuwa imetoweka duniani.